Kimbelembele

"Mimi na mke wangu tupigiane simu za nini, binti yangu? Tulikuwa tunalala kitanda kimoja!"

Foleni ikaangua kicheko. Mzee Ditrick Mapunda alikuwa amesimama mbele ya dirisha langu pale Nyumba ya Matangazo, Songea, kofia ameikunja mkononi, na kila alipozidi kujieleza ndivyo watu walivyozidi kucheka. Mkewe alikuwa amefariki majuzi. Walikuwa na duka la vyombo Mfaranyaki, wamekaa nyuma ya kaunta moja tangu ujana wao. Tanzia ilipotoka ilimtaja dada wa marehemu, mpwa wake aliyeko Tunduru, na wakala aliyekuwa akiwaletea sufuria. Mume hayumo. Jioni ile ile kitasa cha nyumba kikamwangalia usoni na kukataa kumfungulia.

Mimi sikucheka, lakini msinisifu. Sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeshamchoka.

"Mzee wangu, nimeshakueleza. Majina ya wafiwa yanaletwa na mfumo. Mfumo haukuona ukaribu wa kutosha."

"Ukaribu wa kutosha! Nilikuwa namkuna mgongo!"

"Kimbelembele hakikosei, mzee."

Ndivyo tulivyokiita, Kimbelembele, kwa sababu kinakutangulia kabla hujamaliza kuandika. Na aliyekitengeneza ni mimi, Kandida Haule, fundi mkuu wa tovuti ya matangazo ya kanda nzima. Zamani fomu ya tanzia ilikuwa na kisanduku kitupu, andika utakacho, na watu wakaandika kweli! Marehemu mmoja anaacha wajane ambao hata angefufuka asingewatambua. Vyeti vya kuzaliwa vikawa vinachapwa vichochoroni. Na sheria ilishasema kwamba anayetajwa kwenye tanzia ndiye mfiwa: ndiye anayefunguliwa mlango, ndiye anayekaa kwenye kikao cha mirathi. Basi nikaondoa kisanduku kitupu, nikaweka changu. Unaandika herufi mbili za jina, Kimbelembele kinakimbilia kwenye seva, kinapima simu, ujumbe na pesa zilizopita kati ya mtu huyo na marehemu, kwenda na kurudi, kisha kinakuletea majina kwa uzito wake. Wewe unachagua tu. Jina lisilokuja huwezi kulilazimisha, fomu inakataa kuhifadhi. "Cheti kinaghushiwa," niliwaambia wakubwa siku ya uzinduzi, "lakini simu haighushiwi." Wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa kwa muda mrefu sana.

Mzee Mapunda alikuwa anafungua mdomo tena simu yangu ilipoita. Dada yangu Leokadia. Niliipokea papo hapo, maana Dada Leo hanipigii simu kamwe.

"Kandi," alisema, "mama ametutoka. Alfajiri hii, usingizini."

Sijui nilijibu nini. Ninachokumbuka ni kwamba nilivuta pazia la dirisha, na kabla halijafunga yule mzee aliona uso wangu, akasahau shida yake yote, akasema, "Pole sana, mwanangu." Nikamfungia pazia usoni bila hata kumwambia asante.

*

Nyumbani kwetu ni Lizaboni. Nilikuta turubai limeshafungwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka na mashuka mabegani kwa ajili ya baridi, wanaume kwenye viti, sufuria kubwa ya chai jikoni. Nililia nilipoona viatu vya mama mlangoni. Walinishika, wakanikalisha, wakanipa maji. Kabla sijamaliza kikombe, Baba Mdogo Batholomayo, mdogo wake marehemu baba yetu, akaja kuinama mbele yangu.

"Mwanangu, nisamehe, lakini kaburi linachimbwa kesho asubuhi, na bila tanzia hawatupi kibali. Itoke leo kabla ya saa kumi. Bahati yetu mwenye mtambo ni wa kwetu."

Nikafungua kompyuta kwenye meza ya chakula. Ukoo mzima ukaja kusimama nyuma yangu, wengine na vikombe mkononi. Nisiseme uongo: hata katika kilio kile, kuna kitu kilininyoosha mgongo. Walikuwa wanaangalia kazi yangu.

Niliandika jina la marehemu, Osmunda Haule. Nikashuka kwenye sehemu ya wafiwa, nikagusa mara moja tu, na kabla sijaandika herufi yoyote Kimbelembele kikamwaga majina yake. La kwanza kabisa, mstari wake wa uzito umejaa mpaka mwisho: Kandida Haule, mtoto.

"Eee, mmeona!" Baba Mdogo alisema, na machozi yakamtoka. "Wa kwanza. Kitinda mimba anayejua mama ni nani."

Mkono wa mtu ukanipapasa bega. Nikachagua jina langu. La pili Batholomayo Haule, shemeji. La tatu Rustika Ngonyani, rafiki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. La nne fundi aliyekuwa akimtengenezea mama miwani. Nikateremka mpaka chini. Nikapandisha, nikateremka tena. Nikaandika L, nikaandika E, nikaandika jina zima: Leokadia Haule. Chini yake yakaja maandishi mekundu.

*Mtu huyu hakuonekana katika maisha ya marehemu.*

Sentensi ile niliitunga mimi. Niliitunga nikinywa kahawa, nikaona ina heshima kuliko ile ya zamani iliyosema "Hakuna matokeo."

"Umekosea herufi," Baba Mdogo alisema.

"Sijakosea."

"Basi andika Leo peke yake. Si tunamwita Leo?"

Hapo ndipo Dada Leo alipotoka chumbani. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni, mikono bado na harufu ya sabuni, maana yeye na wanawake wawili ndio waliomwosha mama. Watu wakampisha. Akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma yale maandishi mekundu polepole, kama anavyosoma kila kitu.

"Njoo chumbani," aliniambia.

*

Dada Leo alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu ya madereva wa mji huu walipita mikononi mwake. Magari yalipoanza kujiendesha yenyewe, shule yake ikafungwa, akarudi nyumbani, na mwaka huo huo miguu ya mama ikaanza kukataa. Tangu hapo hakuondoka. Chakula kilichopikwa humu alikipika yeye, dawa zilizomezwa alizihesabu yeye. Na vyote vilivyonunuliwa vilinunuliwa kwa simu ya mama, kwa sababu pesa ya kodi ya vyumba vya uani iliingia humo.

Tulikaa kwenye kitanda kilichokwisha kutandikwa upya. Nikamweleza. Nilitumia maneno ya ofisini mwanzoni, seva, uzito, kiwango cha chini, mpaka nikajisikia mwenyewe nikanyamaza, nikaanza upya.

"Kinapima simu, dada. Wewe na mama mlikaa nyumba moja. Hamkupigiana simu. Kwa mfumo, wewe hukuwepo."

"Mimi sikuwepo."

"Kwa mfumo."

Aliguna, karibu acheke. "Nilikuwa namwita kutoka jikoni, naye ananiita kutoka hapa. Kumbe tungepigiana." Kisha akanigeukia. "Sasa wewe ulipataje kuwa wa kwanza? Wewe ambaye huja hapa Krismasi, na Pasaka ukijisikia?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria kudanganya, nitakuwa mkweli. Nilifungua mdomo niseme kwamba nilikuwa nikimwandikia mama kila siku, na lile lingekuwa kweli kwa namna fulani, na ndilo lililonitia aibu zaidi.

"Zile salamu za asubuhi," nilisema.

"Ndiyo, zile salamu."

"Sikuwa naandika mimi. Nilitengeneza kijiprogramu. Kinamtumia mama salamu kila asubuhi, kinabadilishabadilisha maneno ili zisifanane. Akijibu, nacho kinajibu. Mungu akubariki mama, siku njema mama, basi. Nilikuwa na kazi nyingi, dada. Nilisema nikitulia nitaanza kumwandikia mwenyewe."

Nje nilisikia wanawake wameanzisha wimbo wa kanisani, wakakosea mahali pa kuanzia, wakaanza tena.

"Mikono yake ilikuwa inatetemeka," Leo alisema hatimaye. "Simu nilikuwa namshikia mimi. Alikuwa hajibu kwa kuandika, alikuwa anasema. Nakaa hapa ulipokaa, nimeishika hivi, anakusimulia. Habari za mguu. Habari za kuku wa Mama Rustika. Siku moja alikuambia amejikojolea kitandani na anaona aibu kunitazama mimi mwanawe nikimbadilisha. Alikuambia wewe kwa sababu uko mbali. Ulimjibu nini?"

"Dada, naomba basi."

"Ulimjibu, Siku njema mama."

Nikafunika uso. Aibu nyingine inakuwa ya moto, unajua itapoa. Ile ilikuwa baridi kama maji ya kisima, na sikuweza hata kulia, kwa sababu kulia mbele yake ilikuwa kama kumwomba anibembeleze.

"Ngoja nikuingize," nilisema haraka haraka. "Nina ufunguo wa fundi. Naingia kwa nyuma, naweka jina lako kwa mkono, juu ya langu. Dakika moja. Hakuna atakayejua. La sivyo tanzia ikitoka kitasa cha mlango huu kitakukataa leo hii, utalala wapi?"

"Wangapi wamekuja dirishani kwako wakasema walikaa nyumba moja na marehemu?"

Nikaanza kunyoosha shuka.

"Nakuuliza, Kandida."

"Wengi. Karibu wote waliolalamika. Leo asubuhi alikuwepo mzee wa Mfaranyaki, mume. Mume wa ndoa, dada. Amefungiwa nje ya nyumba yake."

"Na hukuona kwamba wote ni wa namna moja?"

Nataka kusema sikuona. Niliona. Niliona mapema kabisa, nikajiambia ni bahati mbaya, kwa sababu nikikubali ni kosa, basi ni kosa langu, na makofi yale yote ningelazimika kuyarudisha.

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba hakikosei."

Leo akasimama. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea. Hakunigusa. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia barabarani, ambayo mwanafunzi hawezi kubishana nayo.

"Nilikuwa nawafundisha watu hivi. Ukigonga, cha kwanza unasimama. Huangalii nani kakuona, huendi mbele kidogo utafute pa kugeuzia. Unasimama. Wewe unataka kuniokota mimi kwa sababu ni ndugu yako, halafu uendelee na safari. Sipandi hilo gari."

"Nikifungua kisanduku kwa wote, tanzia zote za nyuma zitarudi mezani. Kuna nyumba zimeshauzwa. Kuna watu walishafukuzwa. Na waongo nao watarudi na wajane wao wa vichochoroni. Na mimi kazi sina."

"Nimekusikia."

"Na wewe ukikosekana kwenye tanzia ya mama?"

"Nitalala kwa Mama Rustika," alisema. "Huyo yumo kwenye orodha yako."

*

Nilirudi mezani. Ukoo ulikuwa bado umesimama palepale, na Baba Mdogo akaniuliza kama mtambo umepona. Niliingia kwenye mfumo kwa ufunguo wa fundi, nikafungua kiolezo cha fomu ya tanzia, na kwenye sehemu ya wafiwa nikafuta jina la Kimbelembele, mahali pake nikaweka kisanduku kitupu cha zamani. Kazi niliyoifanya kwa miezi ilitoka kwa mstari mmoja. Kisha nikaandika tangazo la kukaa juu ya ukurasa wa kwanza wa tovuti, ambalo kila mtu wa kanda angeliona kabla ya kitu kingine chochote:

*Sehemu ya wafiwa ilikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Haikuweza kuwaona watu waliokaa nyumba moja na marehemu wao. Wengi waliachwa nje, na walipokuja kulalamika waliambiwa mfumo haukosei. Mfumo ulikosea, na aliyewajibu alikuwa na njia ya kujua. Rudini, tanzia zenu zitafunguliwa. Kandida Haule, fundi.*

Nikabonyeza kutuma. Simu ya mkurugenzi haikuchelewa.

"Kandida, umefanya nini?"

"Nimefungua sehemu ya wafiwa, mkuu."

"Unajua nyumba ngapi zitarudi mahakamani?"

"Sijui. Sikuwahi kuuliza."

Akapumua kwa nguvu. Akasema ufunguo wangu unazimwa sasa hivi, na nisije ofisini mpaka niitwe, na nitaitwa na bodi nzima. Nikasema sawa. "Na pole na msiba," akaongeza, maana ni mtu mzima.

Lakini tangazo lilikuwa limeshasomwa, na kisanduku kilikuwa wazi. Na mara tu ndugu zangu walipoelewa kwamba sasa unaweza kuandika utakacho, hebu ona! Binamu mmoja akataka atajwe mkwe wake. Baba Mdogo, yule yule aliyetokwa machozi, akaanza kunong'ona kuhusu kijana wake wa Mbinga ambaye mama hakuwahi kumwona. Nikaona kabisa kwa nini nilikuwa nimekifunga kisanduku kile, na nikaona pia kwamba hilo halinisafishi.

Leo ndiye aliyewanyamazisha. Alikalia kiti changu, akaandika yeye kwa vidole viwili, akisema kila jina kwa sauti ili mwenye neno aseme mbele za watu. Akaanza na lake. Likafuata langu, mtoto, bila nyongeza. Kisha la Baba Mdogo na la Mama Rustika. Yule fundi wa miwani akamwacha. Kijana wa Mbinga hakuandikwa, na Baba Mdogo akatazama kikombe chake.

Alipomaliza nilimvuta pembeni, karibu na tangi la maji.

"Kesho, kabla ya mazishi, nitasimama," nilimwambia. "Nitawaambia wote kuhusu zile salamu. Siwezi kukaa mbele ya watu na kitu kile."

"Hutasema."

"Dada, si wewe uliyeniambia nisimame?"

"La ofisini ni la watu, umewaambia. Hili ni la mama." Sasa ndiyo alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na alilia kwa hasira. "Mama amekufa anajua mwanawe anamsalimia kila asubuhi. Alijisifia kwa mtaa mzima. Wewe unataka upate nafuu, uwaambie watu kwamba alikuwa anaongea na mashine, wamcheke akiwa kwenye jeneza? Utakaa nalo. Utanyamaza, na utakaa nalo."

*

Tulimzika asubuhi yenye ukungu. Katekista alisoma tanzia, na aliposema "ameacha watoto wawili, Leokadia na Kandida," wengi waliitikia kwa kichwa. Wengine walikuwa wamesoma lile tangazo, niliwaona wakiniangalia kwa jicho la pembeni, na hilo nililiweza. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho yale. Sikuwa nimejiandaa kwa Mama Rustika.

Alikuja akiegemea fimbo yake, akanishika mikono yote miwili mbele ya kaburi, na mzee yule hajui kunong'ona.

"Ndiye wewe! Jamani, mnamjua huyu? Tukikaa na marehemu barazani asubuhi, simu ikilia tu, anatunyamazisha wote. Nyamazeni, Kandida wangu ananisalimia! Na sisi tunanyamaza kweli, tunasubiri mpaka amalize kukujibu. Nina watoto saba mimi, hata mmoja hanifanyii hivyo." Akawageukia wanawake waliosimama nyuma yake. "Leteni watoto wenu wamtazame huyu."

Wakanitazama. Mmoja akafuta machozi. Maneno yakaja mpaka kwenye meno, yote, kijiprogramu na siku njema mama, na nikamgeukia Leo nikimwomba kwa macho aniruhusu. Akatikisa kichwa kidogo tu.

"Asante, mama," nilimwambia Mama Rustika.

Katekista akasema sasa wafiwa watupe udongo, aanze aliyekuwa karibu zaidi na marehemu. Nikarudi nyuma nimpishe dada yangu. Lakini Mama Rustika alikuwa ameshaanza kuwasukuma watu kwa fimbo, na wengine wakamwitikia, apite Kandida, apite yule wa salamu, mpaka njia ikafunguka mbele yangu moja kwa moja hadi kaburini. Leo alikuwa amesimama pembeni, mikono imempasuka kwa sabuni na maji ya miaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama.

"Pita," aliniambia polepole. "Usimwaibishe mama."

Nikapita, nikachota udongo, na nyuma yangu nikawasikia wakisema mtoto wa namna hii amebaki mmoja.